Aliyebana Waya Hupanda Gari

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari. Nilikalishwa juu ya gunia, nikawekewa makoleo sita, nikaambiwa niyatazame.

Mwenye karakana ile ya Wete alikuwa Bwana Jivan, Muhindi mzaliwa wa hapa hapa, Kipemba chake kizito kuliko changu mimi niliyetoka Vitongoji. Sote tulimwita Fundi Mkuu. Mimi nilikuwa mjane mdogo, skuli nimeishia darasa la nne, kazi yangu kusuka ukili na kuuza mikeka. Mkewe, Bi Shanta, ndiye aliyekuwa akininunulia. Siku moja alimwita mumewe akamwambia, "Hebu tazama vidole vya huyu. Wale wanaume zako wana vidole kama ndizi." Ndivyo nilivyoingia kwenye rewaya, yaani kazi ya nyaya za umeme wa magari.

Adhuhuri Fundi Mkuu alinijia. "Umeona nini?"

"Makoleo."

"Makoleo hata mbuzi anayaona. Nimekuuliza umeona nini."

Nikamwambia vinywa vyao havifanani. Kimoja kina tundu kama yai, kimoja kina pembe sita, kimoja kimeingia ndani katikati kama matako ya mtoto. Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kesho uje."

Sasa nyie vijana nisikilizeni. Waya wa gari si uzi mmoja, ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani ya ganda la plastiki. Ncha yake huvikwa kichwa cha shaba, na kichwa hicho ndicho kinachoingia kwenye soketi au kufungwa kwenye betri. Kukikaza kichwa juu ya nyuzi ndiko tunakoita kubana. Kichwa chenye ganda la rangi kina koleo lake, chenye mabawa mawili ya kukunjwa kina lake, na kile kikubwa cha betri, tunachokiita lagi, kina lake. Plaisi ya kukatia misumari si koleo la kubania. Nimeona watu wanabana kwa meno yao wenyewe, na Mungu amewapa meno ya kulia wali.

Wiki ile Fundi Mkuu alibana vichwa viwili, kimoja kwa plaisi, kimoja kwa koleo lake. Kwa nje vilifanana kama pacha. Akavikata katikati kwa msumeno wa chuma, akavisugua kwa msasa laini, akanipa lenzi. Cha plaisi kilikuwa na mapengo meusi baina ya nyuzi. "Humo ndimo hewa ya bahari inamoingia," alisema. "Shaba inaota kijani, umeme unabanwa, waya unapata moto." Kisha akanipa cha pili. Nikatafuta nyuzi, sikuziona. Hapakuwa na nyuzi wala kichwa, palikuwa na shaba moja nzima, imeng'aa, kama imeumbwa vile. Bila moto, bila risasi ya kuyeyusha, kwa nguvu ya mkono tu. Nikasema Subhanallah. Mpaka leo sijapata neno jingine.

Karakana ile ilikuwa na sharti moja. Aliyebana waya ndiye apande gari safari ya kwanza. Ukitengeneza lori, unapanda na lori mpaka pale penye vyombo vya kuvukia kwenda Kojani, na unarudi nalo. "Mkono uwe na hofu," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Mkono usio na hofu upeleke ukachume karafuu." Hata juu ya mkarafuu mtu huanguka, nikamjibu siku moja, akanifukuza mpaka jioni.

Baadaye nilihamia karakana ya serikali Chake Chake, chini ya Msimamizi mmoja mpole, mpenzi wa kuchomea kila kitu kwa risasi. Nilimheshimu, na nilichomea alivyotaka. Lakini risasi inaukausha waya, na barabara zetu zinatikisa. Waya uliokauka unakatika pale pale risasi inapoishia. Tulibishana naye kwa adabu miaka mingi, yeye ana yake, mimi nina yangu. Alipostaafu nikarudi Wete. Fundi Mkuu alikuwa ameshazeeka, haoni vizuri, karakana akatuachia mimi na Fundi Kombo, dereva na makanika wetu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Bi Shanta aliugua kifua. Alikuwa haachani na mashine ya kumpa hewa, na mashine ile inataka umeme. Ikawa lazima apelekwe Dar, ndege mchana ule ule, na uwanja uko upande wa Chake. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mzazi, mwanamke wa kujifungua. Mtungi wa hewa wa akiba ulikuwa mdogo, hauwezi kumfikisha hata nusu ya njia. Tukakubaliana tufunge kwenye gari letu kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kisanduku kile kinakunywa umeme mwingi, kinataka nyaya mbili nene. Ncha nne, lagi nne. Ndani tulikuwa nazo tano.

"Bi Mize, zigonge kwa nyundo twende," Kombo alisema. "Ndege haimngojei mtu."

"Nyundo kampigilie mkeo chaga za kitanda."

Nikaenda kuazima koleo la mafuta kwa mafundi wa nguzo za umeme, lile linalosukumwa kwa pampu, lenye vinywa vya kubadilisha. Kinywa kilichoandikwa saizi ya waya wangu nikakitia, nikabana lagi ya tano, ile ya ziada. Ikakaa, nikaivuta, haikutoka. Kombo akasema, "Alhamdulillah." Mimi nikashika msumeno.

"Bi Mize, unaikata?"

Niliikata. Ndani mlikuwa na mapengo meusi. Lagi zetu zilikuwa na ukuta mwembamba kuliko zile za nguzo, zilizopimiwa kinywa kile.

Nikachukua kinywa kidogo zaidi. Kikipita kiasi kinazikata nyuzi, na sikuwa na lagi nyingine ya kupasua nitazame. Fundi Mkuu alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwuliza, "Nibane kwa hiki?"

"Mimi sioni, Mize. Chagua."

Nikapiga Bismillahi, nikabana zote nne.

Nikapanda. Bi Shanta alilazwa nyuma, mumewe ubavuni mwake, mimi karibu na kisanduku. Kombo akatoa gari, mashine ikaanza kunguruma. Nilizishika lagi mbili za kwenye kisanduku kwa viganja vyangu, moja kulia, moja kushoto, maana waya uliobanwa vibaya hujisema wenyewe kwa joto. Zile za kwenye betri nilimwachia Mwenyezi Mungu. Kila kona Fundi Mkuu aliuliza, "Baridi?"

"Baridi."

Mlima, shimo, mlima. "Baridi?"

"Baridi, Fundi Mkuu."

Pumzi ya mtu mzima ilikuwa inapita chini ya viganja vyangu, ndani ya shaba isiyo na nafasi hata ya kupenya nywele, na shaba ile ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Sikuwahi kuogopa vile, na sikuwahi kustaajabu vile. Mpaka uwanjani mashine haikukohoa. Wauguzi wakampokea na mtungi wao mkubwa.

Sasa nimestaafu, vidole vimekuwa vigumu. Kila nionapo gari limepita limejaa watu wanacheka, nafikiri ni vichwa vingapi vimebanwa humo na mikono wasiyoijua, nao wamekaa tu. Kwa hiyo ukinunua koleo, usitazame bei wala rangi ya mpini. Bana kimoja, kipasue, tazama ndani, kisha upande gari.

Bi Shanta alirudi salama. Nilikwenda kumjulia hali, akanipokea kwa lawama.

"Njia nzima umeshika waya wewe. Mimi naona nakufa, mkono wangu hata hukuugusa."

"Ningekushika mkono, Bi Shanta, pumzi angekushikia nani?"

"Nishasikia. Sasa si umestaafu? Huna waya." Akaunyosha mkono. "Haya, shika."

Nikaushika. Ulikuwa wa moto.