Mwaka wa Surua Mjini Kisii

Nilifika Kisii kutoka Morogoro nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sanduku la bati lililojaa nguo za watoto zilizochangwa parokiani kwetu. Nilikuwa nimejitolea kufanya kazi miaka miwili katika kituo cha watoto nje kidogo ya mji: watoto waliopoozwa na polio, na wengine waliovimba kwa utapiamlo. Nilidhani kwa kuwa nakwenda nchi jirani, kitakachonishinda labda ni baridi tu.

Kituoni hapakuwa na chumba cha kunilaza. Mtawa msimamizi alinitafutia makazi mjini kwa familia ya Wahindi waliouza vitambaa. Walikuwa watatu: mwenye duka, mkewe, na mama mzee wa huyo mwenye duka, ambaye wote walimwita Ba, yaani mama. Basi nikawa nimevuka mpaka kuja kuwatumikia Waafrika wenzangu, na kumbe kazi ya kwanza ni kujifunza kuishi Kihindi.

Viatu niliviacha nje. Nyama, samaki na mayai havikuruhusiwa kuvuka mlango. Nikiwa katika siku zangu, jikoni nisikanyage. Siku ya kwanza nilishika mtungi wa maji ya kunywa bila kunawa. Ba aliubeba hadi uani, akayamwaga maji yote mbele yangu, akausugua mtungi kwa majivu. Heri angenikaripia. Nililala nikiwa nimejikunyata kama mtu aliyeambiwa ananuka.

Kituoni nako nilikuwa mgeni. Watoto walizungumza Kikisii, na Kiswahili changu waliking'alia macho. Vitanda vilikuwa vichache, hivyo wadogo walilala watatu watatu. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri na nepi hazikukauka.

Mwezi wangu wa pili pale, bibi mmoja alimleta mjukuu wake kutoka Nyamira. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba, ngozi inabanduka. Mama yake alikuwa amefariki. Dereva wa kituo ndiye aliyetutafsiria.

"Mwambie atarudi nyumbani anakimbia," nilisema.

Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Bibi alinishika mikono yote miwili, akaondoka.

Mtoto hakutaka kula. Uji aliutema, maharagwe aliyaacha yakapoa. Siku moja alilamba yai la kuchemsha mkononi mwangu, akalimaliza. Kuni za kituo zilikuwa zimelowa, kwa hiyo nikaanza kununua mayai sokoni na kuyachemsha kwa Ba wakati yeye akisali. Siku ya nne aliingia na kuyakuta yakitokota.

"Hii nini?"

"Ni ya mtoto, Ba. Ni mgonjwa."

"Hapa mimi nafanya chakula ya Mungu!" Alilizima jiko. "Mimi nafunga leo, na wewe nachemsha kuku ndani ya sufuria yangu!"

Alilia. Sikutegemea kumwona akilia. Sufuria ilitupwa pamoja na mayai, na jiko likaoshwa mara mbili. Nilifunga sanduku langu nikijua nitafukuzwa. Asubuhi yake nilikuta chupa ya maziwa imewekwa juu ya viatu vyangu.

"Maziwa iko," Ba alisema bila kunitazama. "Peleka yeye."

Nilipeleka kila siku kwa muda wa wiki sita. Uvimbe ulianza kushuka. Mtoto akaanza kusimama akishika ukingo wa kitanda.

Ndipo surua ikaingia. Ilikuja na mvulana aliyeletwa na homa, na kabla hatujajua ni nini, chumba kizima kilikuwa kinakohoa. Hospitali ilikuwa imejaa, wagonjwa wakilala wawili wawili. Tuliwaosha macho kwa maji ya chumvi na kuwapepea. Hatukuwa na zaidi. Mtawa alikuwa mwanamke mkali, lakini wiki ile nilimkuta stoo amekaa juu ya gunia la unga, uso ukutani. Nilirudi nyuma polepole asinione.

Mtoto wa Nyamira alikufa saa nne asubuhi, mapajani mwangu, kijiko cha maziwa kikiwa bado mkononi.

Siku hiyohiyo tulimpeleka kwao kwa gari la kituo. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa migomba, katika udongo mwekundu uliojaa maji. Bibi hakupiga yowe. Baada ya maziko alimwita dereva, akasema naye kidogo.

"Anauliza," dereva aliniambia, akiangalia chini, "kama angemwacha hapa nyumbani, hiyo surua ingemfikia?"

"Mwambie sijui."

Nilikuwa najua.

Nilirudi mjini na tope hadi magotini. Ba alikuwa mlangoni, habari za msiba zimeshamfikia, akanyoosha mkono kunizuia.

"Wewe toka kaburini. Hapana ingia. Oga kwanza."

"Nami ni uchafu?" Nilipiga kelele hadi watu barabarani wakageuka. "Yule mtoto ni uchafu? Mwageni basi kila nilichogusa!"

Mke wa mwenye duka alitoka mbio. "Dada, si wewe. Hata baba mkwe alipofariki, sisi wote tulioga hapa uani kabla ya kuingia. Ndivyo tunavyofanya tukitoka kuzika watu wetu."

Nilikaa juu ya jiwe la kufulia, sikuwa na nguvu ya kuinua kopo. Ba alikuja na ndoo. Alinimwagia kichwani, na nguo zangu zote mwilini, akirudia maneno ya lugha yake taratibu. Sikufarijika. Nilitetemeka tu, nikamwacha amwage.

Wakafa watoto wengine wawili kabla surua haijaisha. Niliandika nyumbani kuomba nirudi, nikajibiwa nivumilie hadi apatikane mwingine. Hakupatikana, na muda wangu nikaumaliza. Wapo waliopona. Niliwafunga vifungo vya nguo mimi mwenyewe siku walipochukuliwa, na sasa sura zao zimenitoka. Yule bibi sikuonana naye tena. Gari la kituo lilipokwenda Nyamira, nilitafuta sababu ya kubaki.