Mkono wa Kushoto wa Gauni

Mimi nachora magauni. Sishoni, maana cherehani na mimi hatupatani. Uzi unakatika, na hasira zangu ziko karibu. Lakini nipe penseli na mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, nitakutolea mikunjo ya sketi mpaka utake kuishika. Mume wangu hunitania kwamba mabibo yanaliwa na ngedere shambani huku mimi nimekaa mlangoni nachora mabega ya watu. Namwacha aseme. Raha ninayoipata penseli inaposhuka kutoka shingoni hadi kiunoni, yeye haijui.

Hapa Tingi harusi ni sare: kitenge kimoja kwa wanawake wote wa ukoo, na kila mmoja na mshono wake. Ndiko kazi yangu ilikoanzia. Fundi wetu wa barabarani ana simu iliyojaa picha za warembo wembamba, na wateja wake ni mashangazi wenye miili yao. Mtu anachagua picha, gauni likitoka anamlaumu fundi. Basi nikawa nakaa kibarazani kwake, nawachora wateja wenyewe wakiwa ndani ya gauni kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tumbo nachora, kibiongo nachora. Mashangazi hunisuta weee, halafu wanarudi.

Ilipofika harusi ya binti wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu pia, nilikuwa nimeshachora ukoo mzima isipokuwa mama mtu mwenyewe. Dada alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla. Miguu ilirudi, maneno yakarudi, na ule ulimi wake mkali ndio uliotangulia. Ila mkono wa kushoto ulibaki umekunjika kifuani. Tangu hapo akawa havai ila dera, juu yake khanga ya kuuficha mkono, wala hatoki nje ya ua wake.

"Kile kitenge changu mpeni mtu," alisema. "Siku hiyo mimi nitakuwa jikoni."

Jikoni! Mama wa bibi harusi! Kwetu, mwali akishatolewa, mama yake mzazi ndiye anayeingia katikati ya uwanja kucheza, na wenzake wa sare wanamzunguka. Na binti alishanijia analia: "Mama mdogo, mama asipotoka, na mimi sitoki ndani."

Nikachora. Nilimchora dada kwa mapenzi yangu yote, gauni refu la kubana kiasi, na mtandio mpana ukishuka upande wa kushoto. Nikajiona bingwa. Nilipompelekea, aliitazama karatasi, akaisogeza mbali, akaitazama tena.

"Mkono wangu umeuweka wapi?"

"Uko humo humo, ndani ya mtandio."

"Nguo ya kuficha ninayo. Nilikuomba uniongezee nyingine?"

Nilipandwa na hasira, nikamwambia basi akae na dera lake. Nikafika mlangoni, nikarudi. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tangu sijui kutembea. Nikimwacha pale, hiyo pilau ya harusi itanipita kooni? Nikakaa chini. "Haya, toa khanga. Nikuone."

Alisita, lakini aliiondoa. Miezi yote ile nilikuwa namtazama usoni tu, naogopa macho yangu yasije yakashuka. Penseli haikubali mchezo huo. Nikafuata kiwiko kilivyokaa na vidole vilivyojikunja, na wallahi, nikaanza kuona raha. Mkono uliokunjwa kifuani unabeba kitambaa vizuri kuliko ulionyooka. Ukiuvalisha kitu kipana, kinashuka kwa mikunjo ambayo siku zote nilikuwa naitafuta nisiipate. Shida ilikuwa kuuvalisha, maana haunyanyuki.

"Tuupasue mkono wa gauni," nikasema, "toka shingoni mpaka chini, tuweke vifungo vikubwa vya koti. Utavifunga mwenyewe kwa mkono wa kulia."

Dada akasogea, akaweka kidole kwenye karatasi. "Na huu wa kulia uubane. Bado mzuri huu, watu wauone."

Tukacheka. Tukagombana kuhusu shingo, nikafuta, nikachora upya, akadai nimemnenepesha, nikamwambia ajilaumu mwenyewe. Jua likazama hatujainjika hata maji. Sijawahi kufurahi na penseli kama siku ile.

Fundi aligoma. "Mama, mkono mmoja hivi na mwingine vile, watu watasema nimekosea kukata." Nikamwambia watakaosema awalete kwangu. Ananijua, akakata.

Siku ya harusi dada hakutaka kuvishwa na mtu. Alitufukuza chumbani wote, akafunga mlango. Ngoma ikaanza, mwali akawa tayari, na mlango bado. Binti ananitazama mimi, mimi nautazama mlango. Ukafunguka. Alitoka bila khanga, kitenge kimemwagika kushoto, kifungo cha juu hakukifunga, nadhani kilimshinda, na bega likachungulia. Hakusubiri kuitwa. Aliingia uwanjani akacheza taratibu, mkono kifuani, na vigelegele vya siku ile mpaka leo sijasikia vingine.

Baada ya hapo wanawake wenye mikono yao miwili mizima walimjaa fundi wakitaka mshono ule. Dada sikumwambia, niliona atadhani namfariji.

Mwezi uliopita tulikwenda wote gulioni, yeye amejitanda khanga yake kama kawaida. Mbele yetu akapita msichana tusiyemjua, nadhani wa huko Kiranjeranje, amevaa gauni lenye mkono mmoja wa kubana na mwingine mpana wa vifungo vikubwa. Dada akasimama ghafla. Nikadhani anajisikia vibaya. Kumbe anamwita.

"Shikamoo, mama," yule msichana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hicho kifungo cha juu hakifungwi. Huachwa wazi."

"Nani kasema?"

Dada akaifunua khanga pale pale katikati ya watu, akautoa mkono wake.

"Mimi," alisema. "Mshono huo ni wa mkono huu."

Msichana akautazama mkono, akamtazama dada usoni, akafungua kifungo.