Msumari Usiotundikwa Kitu

Jirani yangu katika nyumba yetu ndefu ya familia nyingi, ukingoni mwa mto Rajang, hukusanya mapanga ya zamani, na hakuna panga analolitazama kabla hajalinusa. "Mchuzi wangu hajawahi kuunusa hivyo," mkewe hulalamika. Kisha jirani hupapasa ubavu wa panga kwa kidole gumba, maana mapanga yetu hufuliwa kufuata mkono anaoutumia mwenyewe: ubavu mmoja umebonyea, wa pili umetuna. Mwisho hujaribu kukata mwanzi.

Juzi Mama Sulau, wa nyumba yetu hiyohiyo, alimletea panga la babu yake. "Lichukue tu. Wanangu wanasema halikati." Jirani alikwisha kulipigilia msumari ukutani tangu asubuhi, aliposikia linakuja. Akalinusa, akalipapasa, akatabasamu peke yake. Alipoukata mwanzi kwa mkono wa kulia, panga likateleza; kwa wa kushoto, mwanzi ukakatika kama ndizi mbivu.

"Babu yako alikuwa na shoto?"

"Babu? Wapi! Mwenye shoto alikuwa bibi." Mama Sulau akasita. "Na mimi."

"Haya, shika mwenyewe."

Alikata mianzi yote iliyokuwepo, huku akicheka, kisha akaondoka na panga lake. Msumari bado upo. Wageni wakiuliza, jirani huuonyesha kwa fahari: "Hapo ndipo penye panga langu bora kuliko yote. Leo limekwenda shamba."