Nyama ya Jumamosi

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi kuishi na mama katika chumba chetu cha Shauri Moyo. Mimi nilikuwa nangoja kupangiwa kazi serikalini. Yeye alikuwa anachomwa sindano za saratani ya titi. Kabla ya kila sindano walimpima uzito, na safari iliyopita walikuwa wamemrudisha nyumbani bila kumchoma. Amekonda mno, daktari alisema, atie mwili kwanza. Hivyo nikawa na kazi moja tu: kuhakikisha chakula kinakaa tumboni.

Stovu ya mafuta ya taa niliitoa nje, maana harufu yake pekee ilimtapisha. Jirani akikaanga vitunguu, nilifunga dirisha tukavumilia joto. Kilichokaa kilikuwa uji wa wimbi uliopoa, mwepesi, kijiko kimoja kimoja, na kipande cha nduma baridi. Akitapika nilijihoji. Ni ndimu niliyokamulia? Ni mto, nilimwinua kidogo? Au ni ile sura yangu ya kumkodolea macho kila anapomeza?

Lakini siku ngumu ilikuwa Jumamosi. Akina mama wa kanisa, wengi wao watu wa kwetu Ukambani, walipitia soko la Burma wakanunua nyama, wakaja kuipika mumo humo chumbani. Ndivyo walivyozoea kumtembelea mgonjwa: wampikie, naye ale wakimwona. Mama alikula. Alitafuna huku akiitikia hadithi zao, jasho likimtoka juu ya mdomo. Wakaimba, wakaomba, wakaaga. Mlango ulipofungwa tu akashika beseni, na kesho yake hata maji hayakukaa.

"Nitawaambia wasilete tena," nilisema.

"Thubutu," akajibu, uso ukiwa bado ndani ya beseni.

Nilizungusha jambo hilo kichwani siku kadhaa. Nikisema, watamwona mama ana maringo. Nikinyamaza, mizani itatukataa tena. Mwishowe nikamfuata mwenyekiti wao kwenye bomba la mtaa. Nilianzia mbali, kwenye dawa na jinsi inavyochokoza tumbo, hadi akanikatiza.

"Wewe msomi, sema. Ndoo inafurika."

"Mama akila nyama yenu anatapika."

"Tunajua. Tunamsikia kabla hatujafika hapa bombani."

"Sasa mbona mnaleta?"

Akafunga bomba. "Mwanangu, mgonjwa akiona watu wameacha kumpikia nyama, anajua wamekata tamaa." Akajitwika ndoo. "Lakini sawa. Tutaleta uji."

Jumamosi wakaja na sufuria ya uji baridi. Mama alikitazama kiondo cha mwenyekiti, kikapu alichozoea kuletea nyama, kilivyolala bapa sakafuni.

"Leo Burma wamefunga?"

"Mtoto wako ametukataza. Siku hizi ni daktari."

"Daktari gani huyu? Shati lenyewe linamshinda kupiga pasi."

Wakacheka, naye akacheka, lakini macho yakarudi kwenye kiondo. Alikunywa uji mpaka chini ya kikombe. Ulikaa. Na wa Jumapili pia ulikaa.

Jumatatu mizani ilimkubali kwa shida, akachomwa sindano. Tuliporudi nilimlaza, nikaketi karibu na miguu yake kusubiri kichefuchefu kianze. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Ni wewe uliyewakataza," akauliza, "au waliacha wenyewe?"

"Ni mimi."

"Apa."

Nikaapa. Akavuta shuka hadi shingoni, nikadhani amelala. Mimi nikaanza kumfikiria yule mwenyekiti na ndoo yake, jinsi alivyokubali upesi, kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa.

"Na wakakubali tu hivyo?" mama akasema. "Hawakubishana?"

"Walibishana sana, mama," nikamjibu.