Kinyozi Aliyetazama Vita Kwenye Kioo

Mdogo wangu ni kinyozi, na mimi ndiye ninayemfulia taulo. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango unaokwama ukiuvuta kwa haraka. Ndani kuna kiti kimoja cha kunyolea, kile cha kuzunguka, kinachotazama kioo kikubwa kilichofunika karibu ukuta mzima. Ukuta wa pili, nyuma ya mgongo wa kinyozi, ndiko iliko televisheni. Wanaosubiri zamu hukaa katikati, kwenye viti vya plastiki, uso kwenye televisheni na mgongo kwa kinyozi. Mimi hukaa pembeni karibu na sinki, na beseni langu na sufuria ya kuchemshia taulo.

Gemu aliileta mwenyewe, ili wateja wasichoke kusubiri. Ni gemu moja tu, ya mtu mmoja mwenye upanga na farasi anayemtafuta dada yake aliyetekwa. Dunia yake haina mwisho. Unaweza kupanda mlima wowote unaouona, kuingia mji wowote, kulala msituni, kuchuma majani ya dawa, au kusimama tu kuangalia mvua. Siku ya kwanza nilisema moyoni kwamba hayo ni mambo ya watoto. Baada ya wiki chache nikajikuta nakunja taulo huku namwonea huruma farasi kwa baridi.

Dukani kulikuwa na utaratibu wake. Shujaa alikuwa mmoja kwa watu wote. Ukiingia, unapokea pedi, kile kidude cha vitufe, kutoka kwa aliyekutangulia, unaendelea pale alipofikia. Ukiitwa kwenye kiti, unaiacha, hata kama umezungukwa na maadui kumi. Kwa hiyo yule shujaa alikuwa na tabia za mtaa mzima. Asubuhi, mikononi mwa muuza mitungi ya gesi, alikuwa mkali, anapiga kila anayekutana naye. Mchana, kwa mwalimu mstaafu, alitembea polepole akiamkia watu. Dereva wa teksi, ambaye ndiye aliyejua ile lugha ya kigeni ya kwenye gemu, alitutafsiria hadithi yote kwa sauti, na nina hakika nyingine alizitunga. Kila shujaa alipouawa alisema, "Jamani, mtoto wa watu amekwenda." Jina likabaki hilo, Mtoto wa Watu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuishika pedi, naye ni mdogo wangu. Angeishika saa ngapi, na mikono yake iko vichwani mwa watu kutwa nzima? Lakini hakupitwa na kitu. Yote aliyaona kwenye kioo, juu ya kichwa cha mteja.

Nilianza kuogopa siku ya mwalimu mstaafu. Mtoto wa Watu alikuwa anapigana msituni na watu waliovaa ngozi za mbwamwitu. Mdogo wangu akanyanyua macho kidogo, na mashine ikapita katikati ya kichwa cha mwalimu kama gari lililopotea njia. Palibaki barabara nyeupe kutoka paji la uso hadi utosini.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akavua miwani, akaivaa tena. "Kijana, huu mtindo unaitwaje?"

"Mwalimu, nisamehe."

"Ondoa zote. Ila ujue mke wangu ataniuliza nimefungwa jela gani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kwa sababu siku hiyo ilikuwa mashine, na mdogo wangu anajulikana kwa wembe.

Walipoondoka nikamwambia, "Ndugu yangu, izime hiyo."

"Dada, nikiizima watahamia kwa yule wa kona."

"Na ukimkata mtu shingo, watahamia wapi?"

Akapangusa kiti. Kisha akaniahidi jambo moja. Panga zikitoka, wembe unalala. Yaani vita vikianza kwenye gemu, yeye anauweka wembe kwenye sahani yake, anasubiri viishe, ndipo anaendelea. Na kweli aliishika ahadi. Kuna watu walikaa na povu mashavuni hadi likakauka, wakingoja mtu mwingine ashinde vita.

Wakati huo mume wangu alikuwa anaumwa. Damu iliganda mguuni, akalazwa, akarudi nyumbani na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Daktari alitukalisha akasema wazi kwamba kwa dawa hizi hata jeraha dogo linaweza kutoka damu kwa muda mrefu, kwa hiyo ajihadhari na visu, na kunyoa anyoe kwa mashine. Mume wangu aliitikia vizuri. Lakini nyumbani alikaa tu anatazama ukuta. Chakula akiletewa anakula, asipoletewa haulizi. Ndevu zikaota hadi shingoni, akawa kama mtu nisiyemjua.

Halafu alasiri moja akasema, "Mama, nipeleke kwa shemeji akaninyoe."

Nilifurahi mno, Mungu ndiye shahidi. Lilikuwa neno la kwanza la kutaka kitu tangu atoke hospitali. Njiani, anatembea kwa fimbo, akaongeza, "Kwa wembe."

"Daktari amesema mashine."

"Shemeji ananinyoa kwa wembe tangu nilipokuoa. Mashine inaniacha na mabaka kama ukuta wa zamani. Wembe, au turudi."

Nilijua kwamba tukirudi atakaa tena mbele ya ule ukuta. Nikamwachia Mungu, tukaendelea.

Dukani alikuwepo dereva wa teksi peke yake, na pedi mkononi. Nilimvuta mdogo wangu pembeni ya sinki nikamweleza habari ya vidonge. Alinisikiliza, uso umebadilika.

"Kwa nini usimkatalie?"

"Mkatalie wewe."

Alimwangalia shemeji yake, ambaye tayari alikuwa amekaa kwenye kiti, amelegeza kichwa nyuma, amefumba macho kama mtu aliyefika kwake. Hakuweza. Akachukua wembe mpya, akaosha mikono mara mbili, akasema, "Nitamnyoa kama natoa utando juu ya maziwa." Kisha akageuka. "Dereva, leo hakuna vita. Umesikia?"

"Vita gani, Fundi? Nachuma majani tu hapa. Mtoto wa Watu anakohoa, anahitaji dawa."

Nilimtazama na kweli alikuwa anachuma majani, chini ya ngome ya mlimani, farasi amesimama kando anapiga kwato kwenye theluji. Nikarudi kwenye taulo zangu. Mashavu yakaenda salama. Mdomo wa juu, salama. Wembe ulikuwa na sauti yake ile ndogo, kama mtu anayekwangua karatasi. Mume wangu alifumbua macho. Nilimwona kwenye kioo anatazama gemu, na nikafikiri, acha aangalie, angalau si ukuta.

Mdogo wangu akamwinua kidevu, akaivuta ngozi kwa vidole vya kushoto, akaanza shingo.

Hapo ndipo muziki wa gemu ulipobadilika.

"Fundi," dereva akasema polepole, hata hakugeuka. "Fundi, ametoka. Dada mtu ametoka ukutani."

Hakuna upanga uliotoka. Kwa hiyo ahadi yetu haikuwa na la kusema. Ilikuwa hadithi imefunguka yenyewe, kwa kuwa dereva alikuwa amelifuata jani moja hadi karibu mno na lango. Juu ya ukuta wa ngome alisimama yule msichana tuliyemtafuta miezi yote, mikono imefungwa, na nyuma yake mtu mkubwa mwenye kofia ya pembe, ameshika kamba. Msichana akaliita jina la kaka yake.

Niliyaona macho ya mdogo wangu yakipanda kwenye kioo. Yalipanda, na mkono haukusimama. Huo ndio uliokuwa mshtuko wangu. Mkono wa kinyozi wa siku nyingi hauhitaji macho, unakwenda wenyewe, na ulikuwa unashuka chini ya taya, upande ule ule ambao mshipa unaonekana ukipiga. Mume wangu naye alikuwa ametoa macho kwenye kioo. Akameza mate. Koo likapanda chini ya wembe, likashuka.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningesema neno, mmoja wao angeshtuka. Ningemgusa, ingekuwa vile vile. Kuizima televisheni nisingeweza, dereva na viti vyake walikuwa wameziba njia.

Mkononi nilikuwa na taulo kubwa jeupe, bado la moto, linachuruzika maji. Nilivua kandambili ili zisilie sakafuni. Nikaenda hadi nyuma ya mgongo wa mdogo wangu, nikalishika kwa pembe mbili, nikalinyanyua juu ya kichwa changu polepole, kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba iliyo juu mno.

Kioo kikawa cheupe. Gemu ikapotea, msichana akapotea, zikabaki nyuso mbili tu, ya aliyekuwa ananyoa na ya aliyekuwa ananyolewa.

Macho ya mdogo wangu yakashuka. Yakaukuta wembe mahali ulipofika. Hakuutoa kwa ghafla. Aliuinua kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akavuta pumzi, akaupangusa, akaurudisha shingoni.

Nyuma yangu panga zikatoka. Nilizisikia zikigongana, farasi akilia, dereva akihema. "Njoo hapa. Njoo, wewe mwenye pembe. Fundi, unaona? Lo, Fundi, huoni."

"Sioni," mdogo wangu akasema. "Niko shingoni."

Maji ya moto yalinitiririka hadi kwapani. Mikono ikachoka, taulo likaanza kushuka, na mdogo wangu bado ana upande wa pili mzima. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, tena sala isiyo na mpangilio. Ee Mungu, mshike mkono. Ee Mungu, nishike na mimi mikono. Nyuma yangu msichana alipiga ukelele, na nakiri shingo yangu mwenyewe ilitaka kugeuka. Sikuigeuza.

"Shusha, Dada," mdogo wangu akasema mwishowe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Sikushusha hadi nilipoinama nikaitazama ile shingo mwenyewe. Ilikuwa safi kama sahani. Hakuna hata nukta.

Wakati huo huo dereva akaweka pedi mapajani. "Mtoto wa watu amekwenda," akasema. "Langoni kabisa."

Mdogo wangu aliuosha wembe, akauweka kwenye sahani yake. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mteja.

"Ungeniita tu, Dada."

"Ningekuita, ungeshtuka."

Mume wangu alikuwa anajipapasa kidevu mbele ya kioo. "Na mimi mmenifichia," akasema. "Nimekaa nyumbani wiki zote hizo sijaona kitu, nakuja hapa kitu kinatokea, mke wangu ananiwekea taulo."

Hapo nilikaa chini nikacheka hadi machozi, na sijui yalikuwa machozi ya nini.

Dereva akasimama. "Haya Fundi, zamu yangu."

"Leo sinyoi tena. Nenda na ndevu zako, kesho bure." Mdogo wangu akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

Dereva akampa pedi kwa heshima, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba. Gemu ilikuwa imemfufua Mtoto wa Watu na kumrudisha nyuma na farasi wake, kwenye njia ile ya kando ya korongo inayokwenda ngomeni, njia ambayo mdogo wangu ameiona ikipandwa mara zisizohesabika. Akamgusa farasi, akakimbia vizuri, akafika kwenye kona. Akakata kushoto bila wasiwasi wowote, yeye na farasi wakaingia korongoni.

"Fundi, umejiua?"

"Njia iko kushoto."

"Kulia. Kushoto ni shimo."

Mdogo wangu aliitazama televisheni, kisha akageuka akakitazama kioo, kisha televisheni tena. Ile dunia yote aliyoijua, milima yake, miji yake, kila njia, alikuwa ameijua kinyume. Alijaribu tena, akaanguka tena. Mara ya tatu mume wangu akavuta kiti karibu naye, fimbo katikati ya magoti. "Nipe mimi, shemeji. Mimi sijazoea upande wowote."

Kuanzia siku hiyo mume wangu hakuhitaji kupelekwa. Alivaa mwenyewe akaenda. Na mdogo wangu alipigilia misumari miwili, akafunga kamba nyuma ya kiti, nikamkatia pazia kwenye shuka nzito. Mashine ikifanya kazi, pazia liko wazi. Wembe ukishikwa, pazia linafungwa, hata kama kwenye gemu mtu ananywa maji tu.

Alasiri msichana alipookolewa, pazia lilikuwa limefungwa. Pedi ilikuwa kwa mume wangu, na wanaosubiri walikuwa wamesimama wote. Nyuma ya pazia alikuwepo dereva wa teksi, povu hadi masikioni.

"Fundi, fungua kidogo. Kidogo tu, nione."

"Tulia. Niko shingoni."

Tulisikia lango likivunjika, mwenye pembe akinguruma, kisha kimya, kisha sauti ya msichana. Watu walipiga makofi. Nilichungulia upande wa pazia. Mdogo wangu alikuwa ameinama chini ya taya ya dereva, ngozi ameivuta kwa vidole vya kushoto, macho yako hapo hapo. Alimalizia, akaupangusa wembe, akauweka kwenye sahani.

"Dada," akauliza, bado hajageuka, "ametoka?"

"Ametoka," nikamwambia. "Wote wawili wamepanda farasi."

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua taulo begani mwangu, akaanza kumfuta dereva povu.