Rangi ya Treni ya Papa

Kuna asubuhi moja ya kiangazi ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikuta natikisa kichwa peke yangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, tunakaa hapa hapa mtaani Hewa Bora, na kichwa changu kilikuwa kigumu, sikufichi.

Papa yangu aliendesha treni za kwenda Sakania, kule mpakani, mpaka macho yakaanza kumwacha. Daktari alimwambia mwanga utapungua taratibu, na dawa hakuna. Basi akaanza kuichonga treni yake ya zamani kwa frigolite, lile povu jeupe jepesi wanalofungia televisheni ndani ya katoni. Alichonga kwa kisu kidogo, miezi mitatu, dirisha kwa dirisha, akipapasa zaidi kuliko kutazama. Alitaka kitu kimoja tu: aione imepakwa rangi kabla giza halijamfika.

Kazi ya rangi akanipa mimi. "Mama," akaniambia, maana baba wa huku ndivyo wanavyowaita binti zao, "tafuta rangi ya maji. Usilete ingine."

Mimi rangi ya maji niliidharau. Ile ya kupakia ukuta wa chumba, imepauka kama chaki! Nilitaka treni ya Papa ing'ae. Nikaenda kwa jirani aliyekuwa anapaka motokaa, nikamwomba nyekundu iliyobaki, tayari imechanganywa na diliyan, yale maji makali ya kulainishia rangi. Hata kumwambia naenda kupaka nini sikumwambia. Jeuri tu.

Nilipitisha brashi mara moja. Frigolite ikalia tsss, ikaanza kujikunja. Dirisha likazama, paa likafuata, na mimi nimesimama nikipuliza kwa mdomo eti ikauke, mjinga mimi. Dakika chache, kazi ya miezi mitatu imekuwa tope jekundu mezani.

Papa alisikia ninalia.

"Iko namna gani, mama?"

"Iko mubaya, papa. Imeyeyuka yote."

Akaja akipapasa ukuta, akaligusa lile tope kwa kidole. Akatafuta dirisha hata moja, asilipate. Afadhali angenipiga.

"Rangi haina kosa," akasema mwishowe. "Weye ulijiuliza tu itang'aa namna gani. Haukuuliza frigolite inapenda nini."

Tukaanza upya, miezi mingine tena, na macho yake yakizidi kufifia. Safari hii kisu nilishika mimi, naye akiniongoza, vidole vyake juu ya vyangu. Tulipaka kwanza kola, ile gundi nyeupe ya maseremala, ikakauka, halafu rangi ya maji, nyekundu, mara tatu, nyembamba nyembamba. Na kabla ya kugusa treni tulijaribu kila kitu kwenye kipande cha kutupa. Siku tuliyomaliza nilimwekea mapajani, juani. Aliinama sana.

"Madirisha siyaoni tena, mama. Lakini ile rouge, niko naiona."

Haraka yangu ilimnyima madirisha. Bado inaniuma, mwanangu.

Kwa hiyo wewe unayependa kubadilisha rangi za vigari na vindege vya kuchezea, usifungue kopo kabla hujajua kitu chako kimetengenezwa kwa nini. Frigolite usiipe diliyan hata tone. Plastiki ioshe kwanza kwa sabuni, maana rangi haishiki penye mafuta ya vidole. Kikiwa cha mtoto mchanga, jua kitaishia mdomoni, na rangi ya kupakia vyuma usiisogeze karibu. Jaribu pembeni, subiri ikauke, ndipo upake. Na kama kazi ni ya mtu mwingine, kaichonga kwa nguvu zake za mwisho, sikiliza anachokuomba, hata kama wewe unaona unajua kizuri zaidi. Anaweza kuwa hana siku za kukusubiri ujifunze.

Mungu akulindie mikono hiyo, mwanangu, na wale unaowatengenezea awaachie macho ya kuiona kazi yako.