Lori Lililoona Ndani ya Kifua

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile lori jeupe lilipopanda mtaa wetu hapa Likasi na kusimama kwenye uwanja wa mpira. Lilikuwa na jenereta nyuma, ngazi ubavuni, na ndani mashine ya kupiga picha ya kifua. Hospitali yenye magurudumu! Tulilizunguka tukinong'ona kama watu walioingia kanisani.

Nilikuwa mke mpya, na ndoa yangu ilikuwa inavunjika. Mume wangu alichimba shaba Kambove, na alikohoa mpaka akashika ukuta. Unajua maneno ya wachimbaji: mke akitembea nje ya ndoa, shimo linamwadhibu mume. Mama mkwe alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye kitenge, nirudishwe kwetu Kapolowe.

"Weye ndjo unaua mutoto yangu," aliniambia mbele ya majirani.

Nilimshika mume wangu mkono, nikampandisha zile ngazi. Mama mkwe akatufuata na furushi langu kichwani, akihofia nitamtorosha mwanawe.

Daktari, dada mmoja mpole, alimsimamisha mume wangu mbele ya mashine, akamwambia abane pumzi. Kioo kikawaka. Ee Mungu wangu! Mbavu nilizozilalia zilikuwa pale, nyeupe, na katikati yake moyo wa mume wangu. Nilitaka kulia, nilitaka kuimba.

"Mama, angalia," daktari akasema, akigusa madoa kwenye picha. "Hii ni vumbi ya mu shimo. Na hapa inaonekana kama tuberculose, kifua kikuu, tutapima makohozi leo. Dawa iko. Lakini mu shimo asirudie tena."

"Na makosa ya bibi yake, huyu hapa?" mama mkwe akauliza. "Iko wapi?"

"Miye naona mapafu tu, mama."

Mama mkwe alikitazama kile kioo bila kupepesa macho. Mwishowe akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwana yangu, twende ku nyumba." Furushi alilibeba mwenyewe hadi nyumbani, akazikunjua nguo zangu moja moja na kuzirudisha mahali pake.

Mume wangu alimaliza dawa zote. Ndiye yule mzee anayekuzibia pancha za baiskeli, kifua kikimpigia filimbi.

Basi, mwanangu, mtu wako akiugua usitafute wa kumlaumu, mtafutie matibabu. Lori kama lile likisimama mtaani kwako, usiishie kulizunguka. Panda ngazi, na anayekusema vibaya apande nawe, aone. Mungu akutunzie pumzi yako, akupe nyumba ambamo hakuna mtu atakayekufungia furushi.